Sensa ya mzunguko ya chipu, ya faiba au ya kimiminika cha sumaku: ipi ununue ukiwa Tanga?

Kwanza tuwaondoe waliopotea njia. Kama shida yako ni kujua shafti ya korona (mashine ya kuchambua nyuzi) ya mkonge inazunguka mara ngapi kwa dakika, au feni, au propela, huhitaji hata moja kati ya sensa hizi. Bandika kisumaku kwenye shafti, weka kihesabio pembeni, au nunua takometa ya mkononi, na kazi imekwisha. Sensa ninazolinganisha hapa ni za ukoo wa jairoskopu: unaifunga kwenye chombo chenyewe, iwe boti, droni, kamera au kitako cha mashine, nayo inakwambia chombo kizima kinageuka kwa kasi gani bila kutazama kitu chochote cha nje. Haihitaji alama ukutani wala setilaiti angani, ndiyo maana inafanya kazi gizani, ndani ya bomba na chini ya maji.

Ukisoma maelezo ya sensa ambayo moyo wake umening'inizwa ndani ya kimiminika cha sumaku, unaipenda papo hapo. Haina beringi, haina cha kusagika, inavumilia kugongwa, inahisi mtikisiko mdogo ambao nyingine haziuoni. Yote hayo ni kweli. Lakini msimamo wangu nautoa mapema: ni kifaa kizuri sana kwa kazi chache, na kwa wanunuzi wengi wa Tanga si chenyewe. Bei ni kikwazo, ila hata ukipewa bure bado kuna tatizo kubwa zaidi: haijibu swali ambalo wengi wanauliza.

Unauliza nini hasa?

Maswali ni matatu, na watu huyachanganya. La kwanza: nimeelekea wapi? La pili: nageuka kwa kasi gani sasa hivi? La tatu: chombo changu kinatikisika vipi?

Nahodha akiniuliza, "Fundi, hiki kidude kitanionyesha kaskazini?" namjibu, "Hapana, nahodha, hiki kitakwambia tu unavyogeuka. Kaskazini utaitafuta kwa dira." Sensa ya kasi ya mzunguko hutoa digrii kwa sekunde. Ukitaka digrii tupu, yaani mwelekeo, inabidi ujumlishe kasi hiyo sekunde baada ya sekunde, na kila kosa dogo linajumlishwa pamoja nayo. Sensa inayodanganya kwa digrii 0.01 tu kwa sekunde itakuwa imekupoteza digrii 36 baada ya saa moja. Ukitoka Tanga mjini kuelekea Pemba na kosa la namna hiyo, hutafika Wete.

Sensa ya chipu hujibu vizuri swali la pili. Ya faiba, inayotumia mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo, hujibu la pili na, kwa gharama, la kwanza. Ya kimiminika cha sumaku ni bingwa wa la tatu, na hapo ndipo ulinganisho wote unapolala.

Kimiminika cha sumaku kinavyofanya kazi

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu asiyeelewa sehemu hii atanunua kwa kufuata maneno ya muuzaji.

Kimiminika chenyewe kilitengenezwa Marekani mwaka 1963, pale mhandisi wa NASA, Steve Papell, alipotafuta njia ya kuvuta mafuta ya roketi yaelekee kwenye pampu mahali ambapo hakuna juu wala chini. Wazo lake lilikuwa kuchanganya mafuta na vumbi laini sana la sumaku, kisha kuyavuta kwa sumaku. Roketi hazikuyachukua, lakini kimiminika kilipata ajira kwingine: kuziba pembeni mwa shafti zinazozunguka, kupoza koili za spika, na baadaye kubeba vipande ndani ya sensa. Chembe zake ni za magnetaiti, aina ya oksidi ya chuma, zenye upana wa nanometa 10 hivi. Kila chembe imevikwa utando, kwa mfano wa asidi ya oleiki, ili zisigandamane, na ni ndogo kiasi kwamba msukosuko wa joto la molekuli pekee unatosha kuzizuia zisituame.

Ukitaka kukiona kwa macho, tafuta twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) mbovu kwa mafundi wa redio pale Ngamiani. Si kila twita inacho, ila nyingi zinacho. Inua kuba lake taratibu. Ndani ya mwanya mwembamba ambamo koili hucheza utakuta mafuta meusi yanayong'aa, na hayamwagiki hata ukiipindua twita juu chini. Choma kijiti cha kiberiti ndani yake: kijiti kinatoka cheusi, na mafuta yaliyobaki yanajikusanya tena kwenye mwanya kama vile hukuyagusa. Sumaku ya spika ndiyo inayoyashika.

Sasa geuza mambo. Tumbukiza sumaku ya kudumu ndani ya chombo kilichojaa kimiminika hicho: haizami. Kimiminika hukimbilia palipo na nguvu kubwa ya sumaku, yaani kwenye ngozi ya sumaku yenyewe, na ikisogea karibu na ukuta mmoja, mgandamizo wa upande huo unaisukuma irudi katikati. Ronald Rosensweig alilieleza jambo hili kwenye jarida la Nature mwaka 1966. Kwa hiyo una kipande kizito kinachoelea katikati ya chombo, hakigusi ukuta wowote, na hakuna waya wala springi inayokishika.

Zungusha chombo ghafla: ukuta unageuka, kipande kinabaki nyuma kwa sababu ya inesha yake, yaani ubishi wa kitu kizito kubadilisha mwendo. Koili zilizo ukutani zinaisoma tofauti hiyo na kuitoa kama umeme. Hiyo ndiyo sensa. Uzuri wake mkubwa unatokana na tabia moja ya vimiminika: havina ule msuguano wa kuanza. Beringi ya kawaida inahitaji msukumo fulani kabla haijakubali kusogea. Kimiminika kinakubali hata kwa msukumo mdogo kabisa. Kwa hiyo mtikisiko ambao kwenye beringi ungemezwa, hapa unaonekana.

Ubaya wake unatoka palepale. Chukua kikombe cha chai ya rangi chenye vijani vinavyoelea, kigeuze ghafla: vijani vinabaki vinatazama pale vilipokuwa. Sasa endelea kukizungusha bila kukoma, kwa kasi ileile. Muda si mrefu chai yote na vijani vyake vinazunguka pamoja na kikombe, na mtu aliyeketi juu ya kijani angeapa kwamba hakuna kinachogeuka. Sensa ya kimiminika hufanya vivyo hivyo. Mnato wa mafuta unaliburuza gimba, yaani kile kipande kizito kinachoelea, mpaka liende sawa na chombo, na ishara inakufa. Mzunguko wa haraka unaobadilikabadilika inauona. Mzunguko wa polepole unaoendelea inausahau.

Kuna tawi la pili ambalo watu hulichanganya na hili. Hilo halitumii chembe za chuma; linatumia kimiminika kinachopitisha umeme, kwa kawaida zebaki, kwenye mfereji wa duara uliozungukwa na sumaku. Chombo kikigeuka, zebaki inabaki nyuma, sumaku inapita juu yake, na volti inazaliwa ndani ya zebaki yenyewe. Sensa za tawi hili zinafanya kazi vizuri kuanzia karibu hezi 1, yaani mtikisiko mmoja kwa sekunde, hadi hezi 1,000 hivi. Zimewahi kufungwa ndani ya vichwa vya sanamu za majaribio ya ajali za magari, ambako kichwa hugeuka kwa fujo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kwenye vyombo vya angani, ambako darubini au boriti ya leza haitakiwi kutetemeka hata kidogo. Tabia ya kusahau mzunguko wa polepole ni ileile.

Na lipo jaribio la kuiponya tabia hiyo: badala ya kuliacha gimba lielee lipendavyo, sumaku-umeme zilizo ukutani hulisukuma lisisogee, na sensa hupima mkondo unaohitajika kulishikilia. Inapanua uwezo na kupunguza makosa ya mnato, lakini sasa unapima badiliko la kasi badala ya kasi yenyewe, kwa hiyo bado utajumlisha, na kosa nalo litajumlishwa.

Hesabu ya boti

Tuseme umefunga sensa ya kimiminika ambayo inaanza kuona vizuri kwenye hezi 1, kwenye mashua ndogo nje ya Raskazone, kusi linavuma. Mashua inalala na kuinuka, tuseme mara moja kila sekunde 4. Hiyo ni robo ya hezi. Sensa itakuonyesha takriban robo tu ya msukosuko halisi. Mbaya zaidi, haitakuonyesha kwa wakati wake: ishara itatangulia kwa karibu sekunde 0.8. Ukiitumia kusawazisha kamera, mota itasukuma kabla ya wimbi, na picha itakuwa mbaya kuliko ungeiacha bila kitu.

Sensa hiyohiyo, kwenye mashua hiyohiyo, itausikia mtetemo wa injini kwa ufasaha wa ajabu. Injini ya mizunguko 3,000 kwa dakika ni hezi 50, katikati kabisa ya eneo lake. Ukitaka kujua kwa nini transdusa ya kipimakina (kichwa cha kifaa kinachopima kina cha maji kwa sauti) inatoa mistari iliyokatikakatika kila unapopandisha gesi, na unashuku kibano chake kinapiga mdundo, hiyo ndiyo sensa ya kukupa jibu.

Kwa hiyo mawimbi: chipu au faiba. Mtetemo wa mashine: kimiminika. Ukikumbuka hilo tu, sehemu kubwa ya ununuzi imeshaamuliwa.

Chipu: rahisi, na inatosha zaidi ya watu wanavyodhani

Ndani ya chipu kuna kipande cha silikoni kinachotikiswa kwa umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Chombo kikigeuka, nguvu ya Koriolisi inakisukuma kando, na umeme unapima msogeo huo. Simu ya kwanza kubwa kuingiza jairo la namna hii ilikuwa iPhone 4 ya mwaka 2010. Leo liko kwenye simu nyingi na kwenye kila droni.

Mfano unaopatikana kila mahali ni MPU-6050 ya InvenSense, ile ya ubao mdogo wa buluu ambao wanafunzi wa ufundi hununua. Unachagua upeo wa digrii 250, 500, 1,000 au 2,000 kwa sekunde. Kwenye upeo mdogo inatoa hesabu 131 kwa kila digrii moja kwa sekunde. Mtengenezaji mwenyewe anakuambia kwamba ikiwa imetulia kabisa inaweza kudai inageuka hadi digrii 20 kwa sekunde, na ni kazi yako kupima uongo huo na kuutoa. Hilo halinisumbui, unafanya mara moja kila unapoiwasha, chombo kikiwa kimetulia, na mambo yanaendelea.

Kinachosumbua ni joto. Washa ubao, toa ile sifuri ya uongo, kisha weka kidole juu ya chipu bila kuusogeza ubao. Tazama namba: zinaanza kutambaa. Umeipasha joto kidogo tu, na tayari inaamini inageuka. Ndani ya kisanduku cheusi kilichofungwa kwenye boti, jua la saa saba likiwa utosini, joto linapita digrii 50 kwa urahisi, na asubuhi ya siku hiyohiyo lilikuwa chini ya 30. Paka kisanduku rangi nyeupe, kipe kivuli, na kitoe sifuri yake upya kila unaposimama. Hatua hizo tatu zinakupa faida kuliko kununua chipu ghali mara tatu yake.

Faiba: mwanga unaopishana

Sensa ya faiba haina kinachotembea isipokuwa mwanga. Mwanga unagawanywa mara mbili, miali miwili inapitishwa kwenye bumba la faiba ndefu, mmoja ukizunguka kulia na mwingine kushoto, kisha inakutanishwa. Chombo kikigeuka, mmoja unachelewa kidogo kumfikia mwenzake. Georges Sagnac alilionyesha hili mwaka 1913 huko Ufaransa. Vali na Shorthill ndio walioonyesha kwamba faiba inaweza kufanya kazi hiyo, mwaka 1976.

Jaribio zuri la kuijua faiba halisi ni la bure, nasi wakazi wa pwani hii tunalo kwa namna ya pekee. Dunia inageuka digrii 15.04 kwa saa. Tanga iko karibu na mstari wa nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo ukiiweka sensa mezani jicho lake likitazama juu, inapaswa kusoma digrii 1.33 tu kwa saa. Ilaze itazame kaskazini, inapaswa kuruka hadi karibu 15. Mwenzako aliye London angeona 11.8 inapotazama juu. Sisi tofauti kati ya kulala na kusimama ni kubwa mno, na hiyo ndiyo sababu dira za jairo hutafuta kaskazini kwa wepesi zaidi huku kuliko karibu na ncha za dunia. Muuzaji akikuambia sensa yake ni ya daraja la baharini, fanya jaribio hili mbele yake.

Usijaribu na chipu. Mzunguko wa dunia kwenye MPU-6050 ni kama nusu ya hesabu moja, na kelele zake zenyewe zimeshaufunika. Usijaribu na kimiminika pia: mzunguko wa dunia haubadiliki, na kisichobadilika sensa hiyo haikioni kabisa.

Kwa kutazama haraka

| | Chipu | Kimiminika cha sumaku | Faiba |
|---|---|---|---|
| Mzunguko wa polepole unaoendelea | Ndiyo, kwa kupotoka | Hapana | Ndiyo |
| Mtetemo mdogo wa haraka | Wastani | Bora kabisa | Nzuri |
| Kuudhiwa na sumaku za jirani | Kidogo | Sana | Kidogo |
| Joto | Sifuri inatambaa | Mnato unabadilika | Inahitaji marekebisho, hufanywa kiwandani |
| Bei | Shilingi elfu kadhaa hadi makumi ya elfu | Oda maalumu | Maelfu ya dola |
| Kupatikana | Hata kwa basi la Dar | Kwa kuagiza, kwa subira | Kwa kuagiza, na karatasi nyingi |

Mstari wa sumaku unahitaji maelezo, maana ndio unaowaumiza watu. Sensa ya kimiminika inaishi kwa sumaku. Ifunge karibu na mota ya umeme, spika, kebo nene ya betri au transfoma, na utaanza kusoma vitu ambavyo havipo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mizunguko 3,000 ya injini pia ni hezi 50. Bila kinga nzuri ya chuma huwezi kujua unayemsikia ni TANESCO au piston. Chukua kipimo kimoja mashine ikiwa imezimwa lakini umeme upo. Ukiona mstari wa hezi 50, ni wa waya.

Joto nalo linaigusa kwa njia yake. Mafuta yakipata moto yanalegea, gimba linaburuzwa kwa uvivu zaidi, na ule mpaka wa chini ambapo sensa inaanza kuona unahama. Si kwamba inasoma uongo kama chipu, inabadilisha tabia. Isitoshe, kimiminika cha sumaku huwa kizito zaidi kikiwa ndani ya uwanja wa sumaku, jambo lililopimwa tangu 1969, kwa hiyo namba ya mnato iliyoandikwa kwenye chupa siyo ile inayofanya kazi ndani ya sensa. Dai mchoro wa mtengenezaji unaoonyesha sensa nzima kwenye digrii 25 na kwenye digrii 60. Asiye nao hajaipima.

Chumvi ya bahari haichagui. Zote tatu zitakufa kwa kutu ya viunganishi kabla hazijafa kwa sababu nyingine. Gharama ya plagi nzuri isiyopitisha maji usiikwepe.

Nani anunue ipi

*Droni ya kupima shamba la mkonge.* Chipu, bila mjadala, na tayari imo ndani ya kiongozi cha ndege. Fedha uliyotaka kuongeza kwenye jairo peleka kwenye GPS ya usahihi mkubwa, na kumbuka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

*Boti ya kupima kina.* Hapa nasita. Kwa kazi ndogo za karibu na gati, chipu ya daraja la juu iliyounganishwa na GPS ya antena mbili inatosha, kwa sababu antena mbili zinakupa mwelekeo bila kujumlisha chochote. Kwa kazi ya mkataba, ambapo kipimakina chenye miali mingi kinatazama pembeni, kosa la digrii moja la mlalo linageuka kuwa kosa kubwa la kina kwenye ukingo wa picha. Hapo ni faiba, na kama huwezi kuinunua, ikodi.

*Meli.* Hapa wewe si mwamuzi, sheria imeshaamua. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa meli, unataka dira ya jairo kwenye meli za tani gross 500 na zaidi, na kionyeshi cha kasi ya kugeuka kwenye meli za tani gross 50,000 na zaidi. Meli kubwa za mafuta ghafi, za aina iliyopangiwa kupakia Chongoleani, mwisho wa lile bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda, zina kionyeshi hicho darajani, kinasoma digrii kwa dakika. Dira nyingi za jairo za meli zina tufe linaloelea ndani ya kimiminika, na wapo wanaodhani ndicho kimiminika cha sumaku. Sicho. Kile kazi yake kuu ni kulibeba tufe, na ndani ya tufe kuna magurudumu yanayozunguka. Hata darubini ya Hubble ina majairo ambayo magurudumu yake, ya mizunguko 19,200 kwa dakika, yamo ndani ya silinda inayoelea kwenye kimiminika kizito. Neno "kimiminika" peke yake kwenye tangazo halikwambii kitu.

*Mashine za kiwandani.* Korona, mashine ya kusaga saruji, jenereta kubwa. Mara nyingi sensa ya kawaida ya mtetemo, ile ya kupima mwendo wa kwenda na kurudi, inatosha. Lakini ikiwa tatizo ni kujipinda, yaani kitako kizima kinajizungusha kushoto na kulia kwa pembe ndogo sana, hapo sensa ya kimiminika ndiyo inayostahili mshahara wake. Haichanganyi kusogea na kugeuka kirahisi, na haina beringi ya kuharibiwa na mtikisiko huohuo unaoupima.

*Kamera ya masafa marefu, au antena ya mwali mwembamba juu ya mnara.* Tumia mbili pamoja: chipu nzuri au faiba kwa upepo na mawimbi ya polepole, kimiminika kwa mtetemeko wa haraka, kisha programu inaunganisha pale moja inapokoma na nyingine inapoanzia. Ndivyo wanavyofanya kwenye vyombo vya angani, na hakuna sababu ya sisi kulazimisha sensa moja ifanye kazi za mbili.

Kabla hujalipa

Usafirishaji unaweza kukuchelewesha kuliko pesa. Sensa yenye sumaku kali inahesabiwa kama mzigo wa sumaku kwenye ndege, na yenye zebaki ni mzigo hatari, maana zebaki hula alumini ya ndege. Zebaki vilevile iko chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013, ambao Tanzania ni mwanachama. Mimi binafsi singeleta ya zebaki kwa kazi ya kawaida. Ikivunjika ndani ya boti utajuta kusafisha. Ile ya chembe za chuma ikivuja itachafua tu kila kitu na kuwa nyeusi.

Kwa faiba, uliza kiwango cha kupotoka kabla ya kuuliza bei. Zile zenye utulivu ulio bora kuliko digrii 0.5 kwa saa zimo kwenye orodha za kudhibiti teknolojia ya makombora, na muuzaji atakutaka karatasi ya kueleza nani atazitumia na wapi. Kama kazi yako inatosheka na digrii 1 au 3 kwa saa, kaa huko, utapunguza maswali, ingawa si yote.

Kwa kimiminika, muulize muuzaji jambo moja tu kwa maandishi: mpaka wa chini wa hezi ni upi, na kwenye joto gani ulipimwa. Akikujibu kwa "inapima mzunguko wote kuanzia sifuri", na hakuna sumaku-umeme za kulishikilia gimba ndani yake, mrudishie ankara yake.